Nimefundisha Kiingereza Ijumbi

Alhamisi, jua kali. Hapa Hamugembe, Bukoba, migomba imekunja majani tangu saa nne, na mimi niko barazani nimejaa raha kama nimeoa tena.

Leo nimefundisha Kiingereza.

Msicheke. Shule mimi niliiona kwa nje nikichunga mbuzi. Hata hii shajara nasema tu, simu inaandika. Lakini muulizeni mjukuu wangu Koku, mwalimu wa sekondari kule Ijumbi.

Koku anafundisha watoto kusikiliza Kiingereza kwa nyimbo za vijana, hizi za redioni. Anasema zina mafumbo, na mtoto akilifukuzia fumbo, sikio linafunguka. Wiki iliyopita akawapigia wimbo, kijana anamwambia mpenzi wake: wewe ndiwe mvua yangu, bila wewe shamba langu vumbi. Akawauliza wamesikia nini. Mmoja akaandika kwamba kijana ni mkulima, apelekewe pampu. Mwingine akaandika ni utabiri wa hali ya hewa. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Koku hakucheka. Mkuu wa shule alishamwambia kwamba leo atakaa nyuma ya darasa, na akiona ni disko tu, spika inafungiwa kabatini. Na hiyo spika ndiyo roho ya Koku.

Jumapili akaja. "Babu, njoo ujisifu kidogo mbele ya watoto. Waone kwamba mafumbo wanayo kwao."

Kuniomba mimi nijisifu ni kumsihi mbuzi ale majani. Sisi Wahaya tuna ebyebugo, majigambo ya kusimama mbele ya watu. Unajiita chui, unajiita radi, na kila ukimaliza mstari watu wanaitikia "Eee!" Hakuna anayeuliza mkia wako uko wapi.

Basi leo nikavaa kanzu, nikapanda gari la Muleba mpaka Ijumbi.

"Mimi ndiye radi isiyosubiri wingu!" Eee! "Nilipita Kaagya, kahawa zikajichuma zenyewe!" Eee! Hata mkuu wa shule nilimwona midomo inamcheza.

Kisha Koku akawasha ule wimbo wa mvua, akauliza wamesikia nini.

Watoto wamekodoa macho kama wanasomewa hukumu. Akaurudia. Macho yaleyale. Mkuu akatazama saa. Koku akashika chaki kwa mikono miwili, vilevile alivyokuwa anashika kikombe cha maziwa akiwa mdogo. Waitu jamani, moyo uliniuma.

Sasa mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji. Lakini yule kijana ndani ya spika akavuta pumzi. Na mtu anayejigamba akivuta pumzi, adabu ni kuitikia.

"Eee!" nikasema, kwa sauti ya kufukuzia nyani.

Darasa likaangua kicheko. Nikatamani dawati linimeze. Nimemharibia mjukuu wangu!

Lakini Koku ana akili, kanirithi mimi. Akaurudisha wimbo, akainua mkono, na mstari ulipoisha darasa zima likaitikia. Mstari wa pili, Eee! Baadaye ndipo akanieleza: watoto walikuwa wanasikia maneno kama mahindi yaliyomwagika, hawajui mstari unaanzia wapi wala unaishia wapi. Sasa wakajua. Akawa anausimamisha hapohapo na kuuliza, huyu anajigambia nini?

Binti mmoja wa mbele akasimama, akamwaga Kiingereza. Sikuelewa kitu. Nilielewa uso wa Koku.

Kumbe binti kasema hapo hakuna mvua wala shamba, kuna mtu anaogopa kuachwa.

Mkuu wa shule akasimama. "Mwalimu, spika ibaki. Mzee arudi Bukoba."

Jioni hii Koku kanitumia sauti kwenye simu, Kiingereza kitupu. Nikampigia anitafsirie. "Sikiliza mwenyewe, babu. Si wewe mwalimu?" Kakata.

Nimeisikiliza, nimeirudia, mpaka mke wangu kauliza kama nina mchumba. Maneno yanapita kama upepo. Ila katikati kuna moja nalifahamu, maana kwenye ule wimbo lilirudirudi mpaka likanikaa kichwani, na Koku alishaniambia maana yake.

Rein. Mvua.

Nikaitikia Eee! peke yangu hapa barazani.

Jua limewaka kutwa nzima Hamugembe. Aliyelowa ni mimi tu.