Saa Nne ya Seva

Jumatatu, 9 Machi

Chai imepoa tena mezani. Jana umeme ulikatika hospitalini Handeni, na betri ya saa ya seva kuu ikafa. Mimi, fundi wa kompyuta zao, nikamwelekeza Shabani, mtunza stoo wa kule, kwa simu: awashe, aweke saa. Saa nne asubuhi, nikamwambia.

Leo seva hiyo, inayosimamia nyingine zote, inawaka lakini haifunguki. Inajikongoja, inagoma. Kioo kinaandika: "Uthibitisho umekataliwa." Nahangaika nayo kutoka hapa Korogwe tangu asubuhi.

Humo ndimo zilimo picha za mguu wa Mama Zaina wa Mazingara. Za mwaka jana, haziwezi kupigwa upya. Daktari bingwa wa Tanga, aliyekuja Handeni, anaondoka Alhamisi. Bila kulinganisha hajui akate uvimbe au mguu wote.

Jumanne, 10 Machi

Nimebadili nywila. Nimetengeneza upya vyeti vya usalama, vile seva zinavyotambuana navyo. Wapi!

Nimemfokea mume wangu kwa sababu ya chumvi. Sijui tatizo ni nini, na kila anayepiga simu anadhani najua.

Jumatano, 11 Machi

Handeni. Nilipita wodini kwanza, bora nisingepita. Nikamwamkia Mama Zaina shikamoo, akanipa pole ya safari. Mguu kaufunika kwa khanga.

Seva imekataa kutwa. Naogopa. Mungu wangu, nitamwambia nini yule mama?

Alhamisi, 12 Machi

Shabani kaniletea chai na mihogo. Akachungulia kioo cha seva: 04:10. Akasema, "Angalau saa inakwenda vizuri. Niliweka nne, kama ulivyosema."

Chai ikanipalia. Nje ilikuwa kweli saa nne na dakika kumi. Lakini nne ya kompyuta ni saa kumi alfajiri! Mashine ilikuwa nyuma saa sita, ndiyo maana seva nyingine hazikuiamini. Nami siku zote hizi naitazama naiona sawa tu. Mswahili mimi.

Simlaumu Shabani. Aliyesema saa nne ni mimi.

Nikarekebisha. Ikafunguka. Bingwa akaziona picha, wakamwingiza Mama Zaina chumba cha upasuaji. Nikaenda stoo, nikatoa machozi.

Ijumaa, 13 Machi

Wodini. Chini ya shuka kuna miguu miwili. Nimeangalia mara mbili, kama mjinga.

Akafumbua macho, akauliza, "Saa ngapi, mwanangu?"

Nikatazama simu. 10:02. Nikahesabu, nikahakikisha.

"Saa nne, mama. Saa nne asubuhi."