Walivyoiziba Chemchemi ya Nyumbani

Kagondo, Muleba
Septemba 2025

Kaka yangu Mwesiga,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Hellen na watoto mkiwa wazima huko Dodoma. Sisi huku tunapumua. Mvua zimeanza vizuri na kibanja cha migomba nyumbani kimerudi kijani. Mama ni mzima wa mwili. Hayo mengine nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Unaujua mradi wa maji wa huku kwetu Muleba, ule wa mkopo wa benki ya maendeleo. Ulipozinduliwa, sisi ndio tuliopiga vigelegele. Bomba lilifika hadi mlangoni mwa kanisa. Kisha vikafungwa vile vifaa vya kadi: huna salio, halitoi hata tone. Watu wakarudi bondeni kwenye chemchemi tuliyochota tangu utoto. Haukupita muda, mafundi wa mradi wakaja wakaiziba kwa zege. Mwenyekiti wa kijiji alipouliza, akajibiwa ni sharti la mkopo: maji ya bure yasiwepo jirani na ya kulipia, la sivyo mradi hautajiendesha.

Ma Joanitha, jirani yetu aliyetulea wakati Mama amelazwa, hakuwa na salio. Akabeba dumu akateremka ziwani. Njia ile ya mawe unaijua. Aliteleza akavunjika nyonga, akalala pale juani mpaka wavuvi waliotoka kisiwa cha Bumbire walipomwona. Hadi leo hajasimama. Mwanamke aliyekubeba mgongoni sasa anageuzwa kitandani kama kichanga. Ninaandika haya kwa hasira, wala sioni aibu.

Mwezi uliopita wageni wa benki wakaja kukagua. Kwa kuwa nafundisha Kiingereza, niliombwa niwe mkalimani. Tulikaa uwanjani pa kanisa. Ta Byabato, yule mpiga tarumbeta wa kwaya, akasimama akauliza kwa Kihaya kwa nini benki inaziba maji ambayo haikuyachimba. Kiongozi wa wageni, mama mmoja mpole, alijibu kwamba benki ni mali ya nchi wanachama, na Tanzania ni mmoja wa wenyewe. Byabato akataka kujua nani anatusemea huko. Akaambiwa yupo mkurugenzi mmoja anayesemea nchi zaidi ya ishirini za Afrika, na kwamba kura hupimwa kwa hisa, kwa hiyo nchi chache tajiri ndizo zenye nguvu.

“Basi mimi ni mwenye nyumba,” akasema Byabato, “ila siruhusiwi kufungua dirisha?”

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mgeni hakucheka.

Laiti mambo yangeishia hapo, kaka. Ningewalaani wageni na kulala usingizi wangu.

Yule mama akaomba aeleweke. Akasema benki ilidai mradi ujilipe, lakini namna ya kufanya hivyo waliiachia serikali. Wazo la kuziba chemchemi lilitoka kwa timu ya wizara, kwenye majadiliano huko Dodoma. Wenzake wa benki waliingiwa na wasiwasi, wakahakikishiwa kuwa watu wa huku watazoea tu. Aliyewahakikishia, akaongeza akidhani anatufariji, ni mtu wa hapa hapa. Akataja jina lako, na ubini wa Tata, baba yetu.

Nilibaki nimesimama na maneno yale mdomoni. Hakuna mwingine aliyekuwa ameelewa. Ningeweza kusema lolote. Mama alikuwa mstari wa mbele, amevaa kile kitenge ulichomletea Krismasi, ananitazama mdomo. Nikatafsiri yote, Mwesiga. Na jina nikalitamka wazi.

Mama aliinuka, akapita katikati ya watu, akashika njia ya bondeni. Wanawake wakamfuata, kisha wanaume na sululu zao. Mimi nilivua viatu vya ualimu nikaomba sululu. Pigo la kwanza juu ya lile zege lilikuwa langu, na nililipiga nikikufikiria wewe. Jioni maji yalikuwa yanatoka. Polisi walipofika kuuliza nani kavunja, Mama akasema ni yeye, na kila mwanamke aliyekuwa pale akasema ni yeye. Wameondoka wakisema watarudi.

Huku kijiji kimepeleka malalamiko kwenye kitengo cha benki kinachosikiliza watu walioumizwa na miradi yao. Niliyeyaandika ni mimi, na wewe umo. Sikutaka ulisikie hilo kwa mtu wa wizarani kwenu.

Simu zako Mama hapokei, na si mtandao. Amesema usimtumie kitu. Uje mwenyewe, ukae kando ya kitanda cha Ma Joanitha, umweleze kwa Kihaya jinsi ulivyojua kwamba angezoea.

Msalimie sana wifi, na watoto wape busu la shangazi yao. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na chumba chako nyumbani nimekifagia.

Ni mimi dada yako,
Kokubanza