Mikarafuu ya Baba kwenye Ardhi ya Mama

Jumamosi, 8 Machi 2025

Umepita! Mradi wangu umepita pande zote mbili. Wale wanaoniuliza kila siku kwa nini nasoma uzamili wa biashara na uzamili wa ustawi wa jamii kwa mpigo, kana kwamba nimeolewa na wanaume wawili, leo wangekuwepo darasani.

Dokta Jastin wa biashara anataka faida ionekane. Madam Winfrida wa ustawi anataka mtu aonekane. Nimewapa vyote: mzee mgane wa Matombo, migomba iliyochoka, miche ya mikarafuu. Dokta akaishika ile slaidi niliyoandika "zao la kudumu". Akasema hapo ndipo penyewe, ndizi ni za kula, karafuu ni ya kudumu. Madam akauliza huyo mzee ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akasema niwe mwangalifu, wa kwako ni vigumu kumwona vizuri. Nikamjibu, nani atamjua mteja wangu kuliko mimi? Darasa likacheka, na mimi nikajiona.

Tangu Mama afariki mwaka jana Baba hali vizuri. Anakaa tu. Nataka apate kitu cha kumwamsha asubuhi. Maksi ni za chuo, hicho ni changu.

Jumapili, 16 Machi 2025

Matombo. Mvua, tope, kijana wa bodaboda kaniacha chini ya misheni kasema pikipiki yake bado ina deni. Nimepanda kwa miguu na miche kichwani.

Baba kaipokea, kaigeuza geuza. "Feli, hii si mihogo hii." Nikadhani anaogopa kazi. Nikamweleza kivuli, nafasi, mbolea, yote niliyosoma. Akauliza wajomba zangu wanajua? Nikamwambia, Baba, shamba ni la Mama, na mimi ni mtoto wake, kuna la kuuliza hapo?  Halafu kachukua jembe.

Mchana alikuwa anaimba! Sauti yake ya kwaya, ile ya zamani. Mche mmoja kauchagulia mwenyewe mahali, karibu na kaburi la Mama, kausimamisha kwa kijiti. Jioni kala ugali na mboga ya maboga, kaomba aongezewe. Nimeenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo kwa furaha. Sijafurahi hivi tangu msiba.

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Niko mjini, Mwembesongo, chumbani ninapopanga. 

Mama mdogo Editha kapiga simu. Mjomba Fidelis, kaka mkubwa wa Mama na Editha, mkuu wa ukoo, kaenda shambani. Kaizunguka miche yote. Kisha kamuuliza Baba: "Shemeji, unataka kudumu?"

Baba kaweka jembe chini. 

Na mimi mjinga. Mluguru kabisa, nimezaliwa kule, nimelelewa kule! Kwetu ardhi inakwenda kwa mama. Mwanamume akioa analima kwa mkewe, anaheshimiwa, anakula, ila ni mkwe. Apande mahindi, mpunga, mihogo, vitu vya kuvuna vikaisha. Mti unaomzidi mtu umri hapandi. Anayepanda mti amesema, hapa ni kwangu. Hili hata mtoto wa darasa la pili analijua. Mimi nimelipeleka darasani kwa maandishi makubwa: zao la kudumu.

Nilichora na jedwali la wadau. Bwana shamba yumo. Wanunuzi wa Dar wamo. Mtendaji wa kata yumo. Mjomba hayumo.

Sasa ukoo unasema Yuliana, yaani Mama, ameshazikwa, mkwe arudi kwa ukoo wa mama yake, Mgeta. Walikuwa wamemwacha tu, mzee wa watu, wala hakuna aliyemkumbuka. Miche yangu ndiyo imewakumbusha. Mgeta ni upande mwingine kabisa wa mlima. Baba aliondoka huko kijana. Dada yake ameshakufa, wapwa zake hawamjui hata kwa sura. Na kaburi la Mama liko Matombo. Kila akimaliza kula anakwenda kukaa pale.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Dokta Jastin: hii ni hatari ambayo sikuiweka kwenye mpango, nitafute makubaliano ambayo kila upande unapata kitu. Madam Winfrida hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema. Kasema niitishe kikao cha familia, kila mtu azungumze bila kukatizwa, na mimi nisiwe na upande. Kisha kanishika mkono, akaushika muda mrefu, nikaona aibu.

Dawa mbili. Nitazimeza zote mbili.

Jumapili, 13 Aprili 2025

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa nikaenda kwa mjomba Fidelis. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniwekea ndizi mbivu, akauliza masomo. Mtu mwema. Hilo ndilo limeniuma. Ubaya ningejua pa kuushika.

Kasema hana kinyongo na Baba. Kwamba ni Baba na yeye waliombeba Mama kwenye machela mpaka barabarani siku alipozidiwa. "Lakini Felista, wewe una akili za shule. Baba yako akifa, warithi wake ni nani? Watoto wa dada yake. Watakuja toka Mgeta na mapanga yao, waseme mikarafuu hii ni ya mjomba wetu. Mimi nitakuwa udongoni. Utawajibu nini?"

Nikamenya ndizi yake, nikamwomba kikao.

Kakubali kikao. Jumatatu ya Pasaka, watu wote watakuwepo. Nikapita kwa Baba. Ameshaacha kupalilia. Anasema mvua ni nyingi.

Jumatatu, 21 Aprili 2025

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kikao kilikuwa uani kwetu. Nilipanga viti duara, ili asiwepo wa juu wala wa chini. Wakafika, wakavisogeza. Wajomba na mama wadogo mbele, mimi katikati yao. Baba akachukua kigoda mwenyewe, akaenda kukaa pembeni, karibu na banda la kuku. Hakuna aliyemwambia.

Nikafungua kama nilivyofundishwa. Nikasema mimi leo ni mwendeshaji tu, sina upande. Mjomba Fidelis akacheka, kicheko cha upole. "Mtoto wa Yuliana hana upande? Mwanangu, upande wenyewe ni wewe." Wote wakacheka. Hata Baba akatabasamu.

Wakazungumza mmoja mmoja, bila kukatizana. Madam angefurahi! Wakamsifu Baba. Mchapakazi, hajawahi kumpiga dada yao, hajawahi kukosa msiba wa ukoo. Na kila aliyemsifu akamalizia palepale, kwamba mkwe mwema huondoka kwa heshima. Ilikuwa kama wanamzika na yeye yupo, anasikiliza. Zamu yake ilipofika akasema tu, "Nimewasikia. Mimi sina neno."

 Nikaacha ustawi, nikashika biashara. Nikasema basi miche si yake. Ni yangu. Shamba ni la Mama, liandikwe langu, nyumba iwe yangu, Baba abaki kama mwangalizi wa mali yangu. Mpwa wa Mgeta hatakuwa na la kudai.

 Wakatazamana. Kisha mjomba Fidelis akapiga paja. "Si ndiyo maneno!" Mama wadogo wakapiga vigelegele. Yakaisha dakika ile ile, Mtendaji ataitwa kuandika. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi, nikawaza hata jinsi nitakavyomsimulia Dokta Jastin. Kila upande umepata kitu.

Tukapakua pilau. Nikamtafuta Baba, hayupo. Nimemkuta nyuma, anakula amesimama, sahani mkononi. Nikamwambia Baba, unabaki! Huendi popote! Akasema, "Asante, mama." Kila siku ananiita Feli.

Mama mdogo Editha alikuwa anasuuza sufuria. Hakuniangalia. Akasema umefanya vizuri, mwanangu, umemwajiri baba yako.

Jumanne, 22 Aprili 2025

Asubuhi. Sijalala.

Baba kalala jiko la nje, kwenye mkeka. Jana nilimfuata, nikambembeleza. Akasema si hasira. Akasema nyumba ya binti ni nyumba ya binti, mama yake angekuwepo ingekuwa nyingine. Akaniuliza kama anaweza kukata mkungu mmoja wa ndizi wa kula wiki hii, au asubiri. Ananiomba ruhusa! Nikamwambia Baba usinifanyie hivi. Akasema, "Mimi sijafanya kitu." Na ni kweli. Nimefanya mimi, nimemwokoa mtu hadi hana pa kukaa.

Natakiwa niwe chuoni kesho kutwa kutoa ripoti. Mnufaika amebaki kwenye makazi yake. Hivyo ndivyo itakavyoandikwa.

Kuna mtu nje anapiga hodi. Jirani labda, jana wamesahau vyombo.

Si jirani.

Ni Baba. Namwona kwenye ufa wa dirisha. Amevaa koti lake la kanisani, kofia kaishika mkononi. Nimesema, "Baba, si uingie tu, mlango uko wazi." Haingii. Amesimama nje ya kizingiti alichokisakafia mwenyewe, anasubiri mwenyeji aseme karibu.

Nikisema karibu, ni nyumba yangu. Nisiposema, hodi ikifika ya tatu bila jibu mtu huenda zake. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Naandika kwa sababu mdomo haufunguki. Kifurushi kiko miguuni pake. Sijui kama anataka kukiingiza ndani au anakuja kuniaga.

Amekohoa. Amepiga ya pili.