Ile Nyepesi Inayokimbia

Mjukuu wangu Wanja,

Huku Kiambere hatujambo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, na ndengu tumeshavuna. Umeniuliza huko Kisumu ununue ipi, mashua nzito au ile katamarani ndogo yenye kasi, ya mitumbwi miwili iliyounganishwa.

Nilipokuwa mwalimu kijana, bwawa letu lilikuwa jipya. Mimi na mwalimu mwenzangu Marigu tuliunganisha mitumbwi miwili kwa mbao, tukasimamisha tanga la turubai. Mwalimu mkuu akatukuta ukingoni.

“Mnaenda kuvua samaki?”

“Hapana.”

“Kuvusha watu?”

“Hapana, mwalimu. Tunaenda kujifurahisha tu.”

“Wanawake wazima! Nawakataza.”

Tuliisukuma majini akiwa bado anaongea. Upepo ulitushika, mtumbwi mmoja ukainuka juu ya maji, watu wakapiga mayowe. Marigu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi niliogopa, lakini kamba ya tanga sikuilegeza. Jumatatu tulipewa barua za onyo. Jumamosi tukarudi majini.

Chukua ile nyepesi, Wanja. Jifunze kwanza kuiinua ikipinduka, na jaketi la kuelea usilivue. Wakikuuliza ina faida gani, usijieleze.

Baba yako aliniomba nikukataze. Mwambie nimekuandikia.

Nyanya yako,
Ciarunji