Kurasa Kumi na Tisa Alizoacha Wazi Mume Wangu

Mshauri, pokea salamu zangu, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu nyumbani wameshanicheka. Mimi ni mjane wa miezi minane, nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala, tulikifungua pamoja na marehemu mume wangu, na kompyuta ni ileile aliyoinunua yeye, imezeeka, ukifungua kivinjari cha kuingilia mtandaoni inavuma kama feni mbovu na mteja anabaki anasoma matangazo ukutani mpaka anayamaliza.

Sasa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ni fundi kompyuta, mwezi uliopita akaniwekea programu ndogo ya barua pepe peke yake, akaniambia, "Shemeji, kuwasha kivinjari usome barua moja ni kama kuwasha tanuri upate kikombe kimoja cha chai," nikabofya, ikafunguka kabla sijakaa sawa kwenye kiti, nikapenda, nikataka nyingine, sasa ninayo ya redio, ya kamusi, ya hali ya hewa, ya ramani, kila moja ina kidirisha chake kwenye kioo, inakwenda mtandaoni kuchukua kitu kimoja tu na kuniletea mezani, nimefikisha kumi na moja, binti yangu ananiita Mama Vidirisha, na kweli kutwa najiuliza ni kazi gani nyingine inaweza kupata kidirisha chake.

Tatizo ni kwamba shemeji anataka kukiondoa kivinjari kabisa, anakuja Jumamosi, na ndani yake kuna kurasa kumi na tisa alizoacha wazi mume wangu, maana yeye alikuwa hafungi ukurasa, nikimwambia funga basi, mashine inachoka, anapangusa kipanya kwa pindo la shati na kunijibu, "Acha, sijamaliza," na mpaka anaingia hospitali alikuwa hajamaliza, na mimi sijawahi kuzisoma, naona tu vichwa vyake vilivyokatika juu ya kioo, kimoja kinasema "Namna ya kurekebisha bawaba ya", basi, sijui bawaba ya nini, maana milango yetu yote inafunga vizuri. Shemeji anasema, "Hizo ni kurasa tu, hazina mtu ndani." Naona kama namfukuza mume wangu mezani kwake. Je, nimruhusu?

Mama Vidirisha

*

Mama Vidirisha,

Pole kwa msiba. Pole na kuchekwa pia.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeandika kana kwamba swali ni la shemeji. Shemeji ni fundi, ameona mashine inakwama akaikwamua, hana kosa. Wewe ndiye mwenye miezi minane mbele ya kurasa kumi na tisa na hujasoma hata moja. Programu zako nazipenda, hata mimi nimeanza kuulizia hiyo ya redio, lakini usijidanganye kwamba zote kumi na moja zilikuja kwa sababu ya mashine kuchoka. Nyingine zilikuja ili usipite karibu na kivinjari.

Halafu hiyo bawaba. Ulipofika hapo nilikuona, unataka kujua. Kwa nini usijue? Mumeo hakuficha kitu. Aliziacha wazi kwenye meza mliyofanyia kazi wote wawili.

Mwambie shemeji asije Jumamosi hii, aje ijayo. Kesho ingia kibandani mapema kabla ya wateja, uwe na binti yako, washa kivinjari na kiache kivume. Soma ukurasa wa kwanza mpaka chini. Andika kwenye daftari unahusu nini, na kama mnajua, alikuwa anautafutia nini. Binti atakuwa na mengine usiyoyajua wewe. Ukiupenda, uchapishe, printa si unayo? Kisha ufunge, nenda wa pili. Kurasa tatu kwa siku zinatosha. Usiruke za kuchekesha. Na ukikuta alikuwa anasoma habari za ugonjwa wake usishtuke, mtu anayeumwa hutafuta.

Shemeji akija, kivinjari kibaki, kikiwa kitupu. Iko siku mteja ataleta fomu isiyokubali kufunguka kwenye kidirisha chochote. Vidirisha endelea navyo, vinakupa raha na kazi inakwenda.

Ukurasa wa kumi na tisa usimwachie mtu. Binti asogeze kiti, usome wewe, ufunge wewe. Kaa kidogo. Halafu fungua mlango wa mbele, watu watakuwa wameshapanga foleni.