Begi la Manjano Lililonirudisha Kazini

Studio ya Picha,
Nyuma ya Stendi Kuu.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine juu yake, hiyo ni ya siku zote ambazo sikukuandikia. Hujambo huko uliko? Magoti yanaendeleaje na ngazi za hilo jengo lenu? Na yule jirani wa chini anayekugongea dari kila ukitembea na viatu, mmeshapatana au bado mnanuniana? Natumaini unakula vizuri, na ile baridi umeizoea, au angalau umeacha kuitukana.

Sisi huku ni wazima. Mkwe wako, mume wangu, yupo, anakusalimu kwa heshima zote. Binti yangu amemaliza masomo ya ufamasia na ameanza kazi. Sasa mtu akikohoa tu humu ndani anahojiwa kama yuko mahakamani.

Na mimi, Shangazi, nimerudi kazini! Sikutaka uisikie habari hii kwenye simu, maana simu yako hukatika kila tukifika penye utamu. Nimeona nikuandikie, kwa mkono wangu wa kulia ambao kiharusi kiliniachia, ili uisome na kuirudia utakavyo.

Mara ya mwisho uliponiona kwenye simu ya video mdomo ulikuwa umepinda, ukalia mpaka mimi mgonjwa ndiye niliyekubembeleza. Sasa mdomo umenyooka. Mguu unanifikisha ninakotaka, ingawa nikichoka unaburuza kidogo. Mkono wa kushoto ndio mkaidi. Unainuka hadi kifuani, hapo unagoma. Vidole vinashika kitambaa lakini ukivipa kitasa cha mlango vinakuangalia tu.

Kupiga picha kwenyewe hakukuwa shida. Jicho ni lile lile, na kidole cha kubonyeza ni cha kulia. Shida ilikuwa kuitoa kamera na kuirudisha. Lile begi langu kubwa la mgongoni ulijualo linataka mikono miwili kulivaa, miwili kulivua, na mahali pa kulilaza ndipo lifunguke. Nililijaribu kwenye harusi ya jirani. Mkanda ulinasa kwenye mkono uliolala, begi likaning'inia kiwikoni, lenzi ikatoka ikabingirika hadi miguuni pa bibi harusi. Watu wakakimbilia kuokota huku wakinipa pole. Shangazi, zile pole ziliniuma kuliko sindano zote za hospitali.

Siku hiyo mkwe wako aliifunga kamera kwenye taulo, akaiweka juu ya kabati. Hakunisema vibaya. Aliniambia tu, "Mama, umefanya kazi vya kutosha. Tutafute wa kuinunua, pale studio tufungue duka la vocha." Mtu akikuonea huruma kwa upole namna ile, hata pa kuanzia ugomvi hupaoni.

Ndipo akaja Mwalimu Chaki. Humjui wewe, ni mama mmoja mstaafu aliyefundisha karibu nusu ya mji huu, jina hilo alipewa na wanafunzi na wala hachukii. Sasa ni mwenyekiti wa chama cha walimu wastaafu. Walikuwa wamejichanga miaka na miaka ili waende pamoja kwenye bustani kubwa ya michezo, ile yenye gurudumu refu kuliko majengo na treni zinazopinduka, mji wa mbali, safari ya kutwa kwa basi. Akanitaka mimi nikawapige picha.

Mkwe wako akaanza kunijibia. Mama yule akamgeukia, "Sijakuuliza wewe, baba. Namuuliza mwenye jicho."

Nikasema nakuja. Nilisema kabla sijajua nitaendaje.

Baada ya hapo nikasikia kwamba katibu wao, bwana mmoja mwangalifu sana, ameajiri na mpiga picha wa pili, yule mwenye masharubu wa studio ya ng'ambo ya barabara. Eti wa akiba, endapo nitachoka. Nilimeza. Lakini kuanzia hapo, Shangazi, usingizi wangu wote ulikuwa ni mabegi. Naota zipu, naota vifungo.

Binti yangu alipiga simu kule bustanini kuuliza masharti. Walinzi wanapekua kila mzigo getini. Begi kubwa halipiti kwenye uzio wa michezo, linaachwa kwenye makabati ya mlangoni. Na penye michezo ya maji, watu hulowa hata wasiopanda. Basi nikajua ninachotafuta: begi dogo, lisiloingiza maji, linalofunguka kwa mkono mmoja nikiwa nimesimama, na lisilotegemea bega langu la kushoto. Kulijua ni rahisi. Kulipata sasa!

Tulikwenda kwenye lile duka lenye mabegi yanayoning'inia mpaka nje kama popo. Muuzaji, dada mwenye sauti ya kutangaza mpira, alinipima kwa macho akaanza na la bei ghali, la magurudumu. Nikamuuliza kama magurudumu yake yanapanda ngazi. Akaleta la begani, zuri, la ngozi. Nikilivaa kushoto linateleza kama limepakwa sabuni. Nikilihamishia kulia linanibana mkono ule ule ninaoutegemea. Akaleta la mgongoni lenye mifuko mingi ajabu. Nikamwambia, humo nikitafuta betri nitakutana na mume wangu wa kwanza.

Binti yangu akashtuka. "Mama! Kumbe ulikuwa na mume mwingine?"

"Ndiyo. Alipotelea kwenye begi kama hili."

Muuzaji alicheka, lakini uvumilivu ulikuwa unamwisha, na mimi mguu ulikuwa umeanza kuchoka. Nikakaa kwenye kigoda chao. Nilipokaa ndipo nikaliona, rafu ya chini kabisa, nyuma ya miavuli: begi la kiunoni, la umbo la sanduku, manjano ya kiini cha yai, limejaa vumbi.

"Hilo halinunuliwi, mama," muuzaji akasema. "Rangi yake inatisha wateja."

Nikaomba anipe. Mkanda mmoja unazunguka kiuno, mwingine unapita shingoni, uzito wote unakaa tumboni. Kifungo chake unakisukuma kwa dole gumba tu, kinalia ta! na mfuniko mgumu unafungukia nje. Nilikuwa nimekwenda na kamera yangu, na taulo lake. Nikaitia ndani, ikakaa kama iliyopimwa. Nikafunga. Nikafungua. Nikaiacha imebanwa na sponji, nikazungusha lenzi kwa mkono wa kulia, ikatoka. Nikaingiza nyingine. Muuzaji akachukua kitambaa, akaanza kulipangusa vumbi.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado. Nilipoinua kamera jichoni, mkono wa kushoto ulitafuta mahali pa kupumzika, kiwiko kikaegemea juu ya ule mfuniko. Haukubonyea. Na kiwiko kilipopata pa kuegemea, kiganja kikapanda, kikapanda, kikafika chini ya lenzi. Kikaishika! Mkono wangu, Shangazi. Mkono uliokuwa ukilala kwenye paja kama wa mtu mwingine, ulikuwa umeshika lenzi.

Binti yangu akasema, "Unafanana na kangaruu." Kisha akageuka upande wa miavuli akajifanya anachagua mmoja, nikaona mabega yake yanatikisika.

Tuliporudi nyumbani mkwe wako alilizunguka lile begi mezani. "Hili ni begi au kiota?" Nikamjibu ni kiota, na yai limo ndani, ajiandae.

Safari ilikuwa ndefu. Walimu waliimba njia nzima na kusahihishana maneno ya nyimbo. Tukafika usiku, tukalala nyumba ya wageni, na kesho yake mapema tukawa bustanini. Getini mlinzi akapekua begi langu, akalibonyeza bonyeza, akacheka rangi, akanipitisha. Mwenye masharubu alikuwa na begi la mgongoni la kisasa, kubwa, lenye vifaa ambavyo kwa kweli nilivitamani. Akaambiwa aliache kwenye kabati. Akachomoa kamera na lenzi moja, akaja nazo mkononi. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Asubuhi nilipiga mengi. Mwalimu wa jiografia kapotea kwenye njia ya vioo, na ramani anayo mkononi. Katibu kwenye farasi wa mbao, kajishika kwa nguvu kama ataanguka milimani. Kila nikitaka kamera, ta! ipo. Nikitaka kupumzika, ta! imelala. Saa sita mguu ukaanza kuburuza, nikakaa kwenye benchi kivulini nikala mkate wangu bila kumuonea mtu aibu.

Kisha tukafika kwenye treni la maji. Ni vigari mfano wa mitumbwi, vinapandishwa juu kwa reli, juu kabisa, halafu vinaachiwa vishuke ndani ya bwawa. Walimu wakatazamana. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana presha. Mwalimu Chaki akavua miwani, akampa katibu, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa. Akanipungia mkono, "Mama Picha! Usinikose!"

Mwenye masharubu akaona lenzi aliyonayo haitafika, inayofaa iko kabatini, mlangoni. Akatoka mbio. Mlinzi wa uzio akanitazama mimi na kiota changu, akafungua kijimlango. "Hilo pita nalo."

Nikasimama ukingoni. Niliacha kigari cha kwanza kishuke nikitazama mwanga tu. Cha pili nikatazama maji yanarukia wapi. Nikabadilisha lenzi palepale, watu wakinipita kushoto na kulia, begi likiwa meza yangu. Nilijua hakuna kurudia. Mama yule hatapandishwa mara ya pili hata kwa mshahara wa waziri.

Kigari chake kikatokeza kileleni. Kikasimama kidogo, kikaachiwa. Makelele! Nikaegemeza kiwiko, kiganja kikapanda, nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Maji yakainuka kama ukuta. Nikaitupia kamera ndani, ta! nikageuza mgongo, yakanipiga. Nililowa kilemba, nguo, viatu, vyote.

Nikafungua begi kwa hofu. Ndani kukavu kama unga.

Na picha, Shangazi! Mwalimu Chaki kanyoosha mikono juu, mdomo wazi, hana umri wowote. Kilemba chake kimeruka, na mwalimu wa hesabu aliyekaa nyuma yake amekidaka kwa uso. Matone ya maji yamesimama hewani kuwazunguka, kila moja na mwanga wake. Nimepiga picha miaka mingi. Sijawahi kupiga kama ile.

Mwenye masharubu akafika anahema, lenzi mkononi, treni limeshamaliza. Akaomba aone. Akaikuza kwenye kioo cha kamera, tone kwa tone. "Mama," akasema, "hilo begi umelinunua wapi?"

"Lilikuwa moja tu."

Akacheka kwa kushindwa, lakini ni muungwana yule: akamwita katibu mbele ya wote akamwambia, "Mzee, hapa mpiga picha ni huyu." Walimu wakapiga makofi. Katibu akajikohoza, akasafisha miwani ambayo wala si yake, halafu akaniuliza kwa adabu kama ningependa kupanga watu kwa picha ya pamoja. Nikawapanga. Nikawafokea hata, kama zamani: wewe sogea, wewe kidevu juu, yule nyuma usijifiche. Wakatii wote, walimu wale! Nilijisikia mrefu.

Sasa ile picha imekuzwa, iko kwenye kioo cha studio. Watu wa stendi wanasimama kuitazama hadi wanachelewa mabasi. Mkwe wako naye alisimama pale, mikono nyuma, sijui kwa muda gani. Alipoingia ndani alisema, "Nilikuwa naogopa usije ukaumia tena mbele za watu." Nikamwambia najua. Akafagia studio yote siku ile, hata nyuma ya mapazia, na habari ya vocha sijaisikia tena.

Kazi zimeanza kuja. Kesho wanafunzi wa uuguzi wanahitimu, na wamenitaka mimi. Jana jioni binti yangu aliuliza tupange nani atanisindikiza, mkwe wako akasema yeye atachukua ruhusa kazini. Nikawaambia wote wawili wakae. Nimewaambia kituo nakijua, nauli ninayo, na begi langu nalivaa mwenyewe. Nitakwenda peke yangu.

Nisalimie mjomba na umwambie deni lake la picha ya pasipoti nimelisamehe kwa furaha. Wasalimie wanao na wake zao, na umbusu yule kitukuu ambaye bado sijampiga picha. Hata yule jirani wa chini msalimie, tufanye wema. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe afya na miguu myepesi mpaka tuonane.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana,

Mama Picha