Futari ya Baba Angani

Jumapili, 1 Machi
Nimempima Baba sukari kabla ya kufungua duka. Iko sawa. Amenuna, kama kila nikimpima. Tiketi imefika. Jumatano alfajiri anaruka kwenda Toronto kwa dada Zuhura, awahi akika ya mjukuu Ijumaa. Karibu kilomita elfu kumi na tatu. Pamoja na kusubiri Istanbul, safari ya saa ishirini na tatu. Mzee wa miaka sabini na moja. Anasema atafunga.

Jumatatu, 2 Machi
Tumegombana mbele ya wateja. Msafiri ana ruhusa ya kula, hata mtoto wa madrasa anajua. Baba: "Msafiri ni anayechoka. Mie nitakaa kitini kama bwana harusi." Daktari alishasema mwili wake hauvumilii zaidi ya mchana mmoja wa hapa Tegeta. Akasema hatabadilisha saa yake ya mkononi. Sisi tukifuturu, naye atafuturu.

Ningenyamaza hapo. Nikataka kumtisha. Nikamwambia angani unafuata jua unaloliona, si saa ya Tegeta, na ndege hiyo inalikimbiza jua kwenda magharibi. Utafunga saa ishirini na moja, Baba. Akanitazama. "Basi nitalisubiri."

Mdomo uliponza kichwa. Ila kichwa si changu.

Jumanne, 3 Machi
Nimemwita shehe wa msikitini. Amemwambia Baba ale. Baba ameitikia kwa adabu, amemsindikiza hadi getini, amerudi kuniuliza daku yake ya kula uwanja wa ndege iko wapi. Nina hasira naye mpaka kichwa kinauma. Nimetia tende saba mfukoni mwa koti lake. Sikumwambia.

Jumatano, 4 Machi
Mchana. Ujumbe kutoka Istanbul: amefika salama, amefunga. Simu amezima.

Magharibi. Adhana imelia. Uji nimeuacha kikombeni. Kwenye ramani ya simu kindege hakijaanza hata kuvuka Atlantiki. Huko jua bado linawaka. Kwake zimebaki karibu saa nane. Sukari ikishuka atainamisha kichwa tu, na jirani yake atadhani mzee amesinzia. Naogopa. Ni mimi niliyemwambia habari za jua.

Alhamisi, 5 Machi
Zuhura amepiga asubuhi. Baba amefika.

Baba mwenyewe akaja kwenye simu, sauti ndogo. Mikono ilianza kumtetemeka. Jua limekaa dirishani kama mgeni asiyetaka kuaga. Akatazama saa yake: moja kasorobo. Akapapasa koti, akakuta tende. "Nilijua saa hizo mmeshakaa mkekani. Nikala na nyie." Siku hiyo ataifunga tena akirudi.

Nimelia kidogo, nikanawa uso. Nikamuuliza kama amepima sukari leo.

Kilomita elfu kumi na tatu, na bado nimemsikia akinuna.